Pale mfongo unapogawanyika

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu nyote, habari za jioni. Na ninyi wanafunzi wa uuguzi mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimekulia Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichopitiwa na mfongo. Watu wa mlimani hapa hawahitaji kuelezwa mfongo ni kitu gani. Kwa wageni wetu, ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto huko juu na kuyateremsha mpaka kwenye migomba. Kwetu mfongo uligawanyika, mkono mmoja ukaingia shambani kwa babu na mwingine ukaenda kwa jirani. Kwenye ile panda babu alikuwa amesimika jiwe kubwa. Kila masika yakiisha mimi ndiye niliyetumwa kutengeneza pale, na ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilikuja kulikuta tena kazini baada ya miaka mingi. Shimo halikutokea mbele ya jiwe, mahali maji yanapogonga. Lilitokea ubavuni, kama shubiri moja kupita jiwe, pale maji yanapolizunguka na kukaza mwendo. Udongo wa pale ulilika kila mwaka. Hatua ishirini juu yake, mfongo ukiwa umenyooka, kingo zilibaki na nyasi zilezile na wala hakuna aliyezigusa.

Kazi yangu ni kupiga picha za mishipa ya damu ya ubongo na kuzisoma. Nimeona vifuko vingi kwenye mishipa hiyo, na karibu vyote vimeota kwenye panda, pale mshipa mmoja unapozaa miwili, au kwenye kona kali mshipa unapotoa tawi.

Madaktari huita kifuko hicho anurizimu. Ni sehemu ya ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, iliyotuna kuelekea nje, mara nyingi ikiwa na shingo nyembamba na tumbo la mviringo, mfano wa tunda dogo linaloning'inia kwenye tawi. Katika kila watu wazima 100, takriban 3 wanacho. Wengi wao watazeeka na kuzikwa kwa sababu nyingine bila kujua kwamba walikuwa nacho. Lakini kikipasuka, damu humwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo, na katika kila watu watatu wanaopatwa, mmoja hivi hufariki. Wengi wanaopona hubaki na ulemavu wa aina fulani.

Shangazi yangu alikuwa anamenya ndizi jikoni. Aliangusha kisu, akashika kisogo kwa mikono miwili, akasema, "Kichwa kimepasuka." Maneno hayohayo. Alipelekwa kutibiwa, akapewa dawa za maumivu, akarudishwa nyumbani. Siku ya tatu alianguka tena na hakuamka. Msibani nikasikia kwamba amerushiwa kitu. Wengine wakasema ni mawazo, kwa kuwa mwanawe alikuwa amemsumbua sana mwaka ule. Sina neno baya kwa waliosema hivyo. Walikuwa wanatafuta sababu, na hakukuwa na mtu aliyewapa nyingine. Jioni ya leo nataka kuwapa nyingine.

Sababu yenyewe ni mwendo wa damu. Damu hiyohiyo inayotuweka hai, ikipita kwenye panda kwa kasi isiyo ya kawaida, miaka na miaka, na ukuta wa mshipa ukijitahidi kuizoea mpaka ukajidhuru wenyewe.

Tuanze na wingi wa damu. Ubongo una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu yote inayotoka kwenye moyo. Hiyo ni kama robo tatu ya lita kila dakika, usingizini na ukiwa macho. Inapanda kwa ateri nne, mbili mbele ya shingo na mbili zilizopita ndani ya mifupa ya shingo kwa nyuma, kisha zote zinaungana chini ya ubongo na kufanya duara. Mwingereza Thomas Willis alilieleza duara hilo mwaka 1664, na michoro yake alichorewa na Christopher Wren, yule mjenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo kule London. Ni duara la busara sana. Njia moja ikiziba, damu huweza kuzungukia nyingine. Lakini katika nafasi isiyozidi kiganja cha mtoto kuna panda chungu nzima, na moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, kila pigo likipeleka wimbi kwenye panda zote hizo.

Halafu ateri za ndani ya fuvu zimejengwa kwa namna yake. Ateri ya mkono ina mapazia mawili ya nyuzi zinazonyumbuka, moja ndani na moja nje ya tabaka la misuli. Za ubongo zina lile la ndani peke yake, na tabaka lao la nje ni jembamba. Pia hazijalala kwenye nyama inayoziegemeza. Zinaelea ndani ya maji ya ubongo.

Kwa muda mrefu watu waliridhika na maelezo kwamba kifuko ni kasoro ya kuzaliwa. Mwaka 1930 Mmarekani Wiley Forbus alionyesha kwamba kwenye panda za ateri tabaka la misuli lina pengo, na ikaonekana jibu limepatikana: mshipa ni dhaifu pale, basi unatuna. Mimi maelezo hayo hayanitoshi, na nitasema kwa nini. Mapengo hayo yalikuja kuonekana kwa watu wengi wasio na kifuko chochote. Tena watoto wachanga karibu hawana vifuko, vinaongezeka kadiri umri unavyosonga. Kingekuwa ni kitu cha kuzaliwa nacho tu, tungekikuta mapema. Ni wazi kuna kitu kinachofanya kazi taratibu, kuanzia ujana hadi utu uzima.

Sasa naomba mnyooshe mkono mmoja. Fikirini mko mtoni, maji yanafika kiunoni. Ukikinga kiganja dhidi ya maji, yanakusukuma. Hilo ni shinikizo. Sasa kilaze kiganja sambamba na mkondo, maji yapite juu ya ngozi. Utasikia yanakuvuta kidogo sana, kama yanakupapasa. Huo ni msuguano. Ndani ya ateri nguvu zote mbili zipo. Presha ya 120, ile ya juu mnayoisoma kwenye mashine, ni sawa na paskali 16,000, paskali ikiwa ni kipimo cha shinikizo. Msuguano wa damu kwenye ukuta wa ateri yenye afya ni kama paskali 1 na nusu. Yaani msuguano ni mdogo kuliko presha mara elfu kumi hivi.

Ukimwambia mtu yeyote achague nguvu inayoharibu mshipa, atachagua hiyo kubwa. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi nilichagua hiyo. Lakini ukuta wa ndani wa mshipa umefunikwa na seli nyembamba mno, moja tu kwa unene, na seli hizo zinasikia msuguano kwa makini ya ajabu. Kwenye sehemu iliyonyooka zote zimejinyoosha kufuata mkondo, mfano wa samaki waliotulia mtoni vichwa vikielekea upande mmoja. Ukiangalia kwenye darubini mahali mkondo unapovurugika utazikuta za mviringo, zimelala ovyo, hazina mwelekeo. Msuguano ukizidi, seli hutoa kemikali inayoiambia misuli ilegee, na mshipa hupanuka mpaka msuguano urudi pale ulipozoeleka. Hivyo ndivyo ateri za mfuko wa uzazi zinavyopanuka mimba inapokua. Ni ufundi mzuri kabisa wa mwili. Kwenye panda, ufundi huohuo unageuka hatari.

Twende kwenye panda. Damu inakuja kwa kasi katikati ya mshipa na kukutana na ncha inayoigawa. Kwenye ncha yenyewe damu inakaribia kusimama, presha inapanda kidogo, msuguano unakuwa karibu na sifuri. Kisha damu inageuka kulia na kushoto, na katika mwendo wa milimita moja hivi inakaza kasi kuingia kwenye matawi. Hapo msuguano unaruka juu ghafla. Mwaka 2007 mtafiti Hui Meng na wenzake wa chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa mbwa. Waliunganisha ateri za shingo kwa upasuaji wakatengeneza panda mpya ambayo haikuwepo, wakapima mwendo wa damu humo, kisha wakauchunguza ukuta nukta kwa nukta. Kwenye ncha, damu inapogonga, ukuta ulikuwa umeongezeka unene. Pembeni kidogo, damu inapokaza mwendo, lile pazia la nyuzi lilikuwa limekatika, misuli imepungua, na seli za juu zimebanduka.

Niliposoma habari hiyo niliweka karatasi chini. Nililiona lile jiwe la babu, na shimo lililo shubiri moja kutoka kwake.

Kwenye udongo lakini maji ndiyo yanayobeba punje na kuondoka nazo. Kwenye mshipa damu haikwangui kitu. Ukuta unajibomoa wenyewe. Kundi hilohilo la Buffalo liliwafunga sungura ateri mbili za mbele ya shingo, damu yote ya ubongo ikabidi ipitie nyuma. Ndani ya siku chache tu, panda iliyo mwisho wa ateri ya nyuma ilianza kuharibika. Walipotafuta mharibifu, walikuta seli za misuli ya ukuta zenyewe zinatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi zilizozizunguka. Ni kama mtu anayebomoa ukuta ili apanue nyumba, akaondoa nguzo kabla hajasimamisha nyingine. Nadhani hili ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika habari hii. Mshipa ulikuwa unatafuta nafasi ya kupitisha damu nyingi zaidi.

Miaka mingi kabla yao, mwaka 1978, Wajapani wakiongozwa na Nobuo Hashimoto walikuwa wamefanikiwa kuotesha vifuko kwa panya. Waliwafunga ateri moja ya shingo ili ya upande wa pili ibebe mzigo, wakawapandisha presha, na kuwalisha kitu kinachodhoofisha nyuzi za mishipa. Ukiangalia vizuri utaona mambo matatu yako pale pamoja: mkondo uliohamishwa, presha, na ukuta uliodhoofika. Utafiti wa Japani wa baadaye ulitilia mkazo chembe nyeupe za damu zinazoingia ukutani na kuuchoma taratibu kwa ndani. Watu wa Buffalo walisema mwanzoni kabisa chembe hizo hazipo, zinakuja baadaye. Mimi naona kila upande umeushika ugonjwa katika umri wake tofauti.

Na kwa binadamu? Hakuna anayeweza kumfanyia mtu jaribio kama hilo, lakini ugonjwa na matibabu ya zamani vimelifanya. Zamani madaktari walipofunga ateri moja ya shingo kutibu jambo lingine, baadhi ya wagonjwa walikuja kuonekana na vifuko upande wa pili, uliobebeshwa damu ya pande zote mbili. Wako watu waliozaliwa na ateri moja ya mbele ya ubongo ikiwa nyembamba, mwenzake akifanya kazi ya wawili. Hao huota vifuko kwenye kiungo cha kati mara nyingi kuliko wengine. Wengine wana fundo la mishipa linalovuta damu kwa wingi kupita kiasi, na vifuko huota kwenye ateri inayolilisha fundo hilo. Likiondolewa, mkondo ukatulia, vingine husinyaa bila kuguswa na kisu.

Nitaje na ugonjwa tulio nao wengi hapa nchini, selimundu. Mtoto mwenye selimundu ana upungufu wa damu wa kudumu, kwa hiyo moyo hulazimika kuizungusha damu chache kwa haraka ili ubongo usikose hewa. Tunapima kasi hiyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti kupitia mfupa mwembamba ulio juu ya shavu, karibu na sikio. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, tunajua mtoto huyo yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi. Ni kipimo kisichouma wala kutumia sindano. Na watu wenye selimundu wakikua, vifuko huweza kuwaotea wakiwa vijana, mara nyingi zaidi ya kimoja, hata sehemu za nyuma ambako wengine hawapati sana. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo aulizie kipimo hicho kliniki. Asione haya kuuliza.

Kifuko kikishaota, mambo yanageuka. Humo ndani damu haipiti tena kwa kasi. Inazunguka taratibu, mfano wa maji yaliyojitenga kwenye ghuba ndogo ya mto, yanayorudisha majani na povu palepale. Msuguano ulikuwa mwingi mno mwanzoni, na sasa unakuwa mdogo mno. Seli za ukuta zinachoka, chembe nyeupe zinaingia. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama kifuko kinakua na kupasuka kwa msuguano mdogo huo au kwa mchirizi mwembamba wa damu unaochoma sehemu moja ya ukuta. Juan Cebral, aliyekuwa anatengeneza mikondo hiyo kwenye kompyuta kutoka kwenye picha za wagonjwa halisi, aliona kwamba vilivyopasuka mara nyingi vilikuwa na mchirizi mwembamba na mzunguko usiotulia. Wengine, kwa njia hiyohiyo ya kompyuta, wakaona msuguano mdogo. Kwenye picha za upasuaji nimeona vifuko vya ukuta mnene uliojaa mafuta, na nimeona vya ukuta mwekundu mwembamba unaokaribia kuonyesha damu inayozunguka ndani. Siamini kwamba vyote vilipita njia moja.

Na kuna hesabu isiyobishaniwa, ya Mfaransa Laplace. Presha ikiwa ileile na unene ni uleule, mvutano kwenye ukuta wa kifuko unakua pamoja na upana wake. Kikipanuka maradufu, ukuta unavutwa maradufu. Mnaijua kutoka kwenye puto. Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu.

Sasa presha ya kupanda na sigara mnaona zinakoingia. Sikuzitaja mwanzoni kwa sababu mmezisikia mpaka zimewachosha. Presha inaongeza nguvu ya kila pigo, na moshi wa sigara unadhoofisha zile seli zinazosikia mkondo na kuleta chembe zinazochoma ukuta. Panda mtu amezaliwa nazo, na umri hauzuiliki. Wanawake wanapatwa zaidi ya wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma. Lakini haya mawili yako mikononi mwetu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umetoka kwenye matibabu. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alifaulu kupiga picha ya mishipa ya ubongo kwa mtu aliye hai. Mwaka 1937 Walter Dandy kule Baltimore alifungua fuvu akabana shingo ya kifuko kwa kibanio cha fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Guido Guglielmi alianza kujaza vifuko kwa nyuzi laini za platini zinazopitishwa ndani ya mshipa kutoka kwenye paja. Wote hao walikuwa wanakishughulikia kifuko. Kisha ukaja wavu. Ni bomba dogo lililosukwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, linalazwa ndani ya mshipa mama kupita mbele ya mlango wa kifuko. Kifuko chenyewe hakiguswi kabisa. Wavu unaielekeza damu iendelee na njia yake, kifukoni damu inazubaa, inaganda, na baada ya miezi seli mpya zinatambaa juu ya wavu na kuufunga mlango. Marekani iliuidhinisha mwaka 2011. Ukibadilisha mkondo, kifuko kinakufa. Mtu akiniuliza kama kweli mkondo ndio unaokilea, namwonyesha picha mbili za mgonjwa mmoja, kabla ya wavu na mwaka mmoja baadaye.

Kabla sijakaa, wanafunzi wangu wa uuguzi, hili ni lenu. Akija mama wa miaka hamsini, kope la jicho moja limeanguka, mboni ya jicho hilo ni kubwa na haisinyai ukimulika tochi, na kichwa kinamuuma, msimpangie siku ya kliniki ya macho. Kuna kifuko kinachopenda kuota palepale unapopita mshipa wa fahamu wa jicho, na huenda kinatanuka wakati mnaandika faili. Na yeyote atakayewaambia kichwa kimemuuma ghafla, kwa kishindo, kuliko alivyowahi kuumwa maishani, hata akiwa anatembea na kuongea, apelekwe kwenye kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, siku hiyohiyo. Kifuko kilichovuja mara ya kwanza hupenda kuvuja tena ndani ya saa 24 za mwanzo. Shangazi alipewa siku tatu, na hakuna aliyezitumia.

Wenye wazazi au ndugu wa tumbo moja wawili waliopatwa na jambo hili, tubaki pamoja baada ya watu kutoka, tuongee kuhusu kupima. Wengine wote, meza ya presha iko pale mlangoni na dada zetu wameshakaa. Keti kwanza dakika tano, mgongo kwenye kiti, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Na usiongee wakati mashine inapima, hata kama aliye mbele yako ni shemeji yako. Andika namba zote mbili kwenye karatasi, nenda nayo nyumbani.